Msiombe Afe

Pita usiku wa Ijumaa katika mtaa wowote wa miji yetu, utakuta kesha limepamba moto. Spika zimeelekezwa barabarani. Watu wamesimama, wanakanyaga sakafu kwa vishindo, wanarusha ngumi hewani, na kiongozi anapaza sauti: adui yangu, anguka! Adui wa ndoa yangu, kufa! Uchawi ulionitumia ukurudie wewe na nyumba yako! Na watu waliobatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, watu wanaoshiriki Meza ya Bwana, wanaitikia amina mpaka sauti zinawakauka.

Nawauliza, na swali hili sitaki mlipite haraka: maombi hayo anapelekewa nani? Baba wa Yesu Kristo? Huyu huyu ambaye Mwanawe, misumari ikiwa mikononi, aliwaombea msamaha waliomsulubisha, huku askari wakiwa chini ya msalaba wanapigia kura nguo zake? Tunabisha mlango wa Mungu huyo, kwa jina la Mwana huyo, tunamwagiza aue!

Siwadharau wanaokesha. Wengi nimewasikiliza, na machungu yao ni ya kweli. Mama ametelekezwa na mume, ada ya watoto haijalipwa, na mashemeji wamembebea hata sufuria. Kijana amechongewa kwa bosi na kazi imeota mbawa. Mzee amesogezewa mpaka wa shamba na jirani ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemkaribisha kijijini. Mtu aliyeumizwa hivyo ana haki ya kulia mbele za Mungu, tena kwa sauti. Ninalolipinga, na nitalipinga mpaka siku ya mwisho ya kuhubiri kwangu, ni kumchukua mtu anayelia na kumfundisha kulaani.

Maana laana haiishii hewani. Mliokaa Usukumani mnajua. Bibi kizee amepika maisha yake yote kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yamekuwa mekundu kwa moshi. Mtoto wa jirani akifa kwa homa, watu wanauliza nani kamroga, na mganga anajibu kwa mafumbo kwamba ni mtu wa karibu, ni mwanamke, mtazameni macho. Usiku watu wanakuja na mapanga. Vikongwe wengi wameuawa hivyo katika nchi yetu. Sasa niambieni: nabii anayesimama madhabahuni na kutangaza kwamba adui yako ni mtu wa ukoo wako, mfupi, mweusi, nyumba yake iko upande wa magharibi, ana tofauti gani na mganga yule? Wametofautiana mavazi tu. Damu itakayomwagika ni ile ile, na Mungu ataitaka mikononi mwetu.

Fungueni Matendo ya Mitume sura ya 9. Kanisa la Dameski lilikuwa na adui ambaye jina lake linajulikana na safari yake inajulikana. Sauli wa Tarso alikuwa njiani na barua za kuhani mkuu, anakuja kuwafunga waamini, wanaume kwa wanawake, awapeleke Yerusalemu. Huyu hakuwa adui wa kudhaniwa au wa kuoteshwa. Nguo za watu waliompiga Stefano mawe zilikuwa zimewekwa miguuni pake, na kifo kile alikikubali. Kama kuna siku ambayo kanisa lingekuwa na sababu ya kukesha likiomba adui afie njiani, ilikuwa siku hiyo.

Na Stefano je, alikufaje? Mawe yakimshukia alipiga magoti, akamsihi Bwana asiwahesabie watu wale dhambi ile. Sauli alikuwepo. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba ombi lile lilimfuata barabara nzima, likamkuta karibu na lango la Dameski, nuru ilipomwangusha chini.

Kisha Bwana akamtuma Anania. Anania alisita. Alimhesabia Bwana maovu ya Sauli, mabaya aliyowatenda watakatifu kule Yerusalemu na mamlaka aliyokuja nayo, na Bwana hakumkemea kwa hofu hiyo, alimwambia aende. Akaenda. Aliingia katika nyumba ya Yuda, njia iitwayo Nyofu, akaweka mikono juu ya mtu ambaye siku hizo hizo angemtia kamba, na alipofungua kinywa alianza kwa kumwita ndugu. Hebu fikirini ingekuwaje kama kanisa lile lingeomba afe na likajibiwa. Tusingekuwa na Waraka kwa Warumi. Tusingekuwa na Wakorintho, Wagalatia wala Wafilipi. Wewe unayemwombea mtu kifo, nani amekuonyesha Mungu anataka kumfanya nini mtu huyo mwaka ujao?

Najua mtakalonijibu. Mtasema Daudi mwenyewe alilaani, tusome Zaburi ya 109. Nimeisoma, na maneno yake ni makali kuliko yote niliyoyasikia kwenye kesha lolote. Lakini mtazameni mtu huyo huyo katika pango la Engedi. Sauli mfalme anamsaka na askari 3,000. Anaingia pangoni kujisaidia, naye Daudi na watu wake wamejificha ndani kabisa, gizani. Wenzake wanamwambia kwamba siku iliyoahidiwa ndiyo hii, Mungu amemtia adui mkononi mwake. Mnaona? Unabii wa kummaliza adui haukuanza juzi! Daudi akakata upindo wa vazi la Sauli, basi, na hata kwa hilo moyo wake ukamchoma. Hasira yake alikuwa amezoea kuimwaga mbele za Mungu, na huko ndiko ilikobaki. Nanyi lieni kama zaburi zinavyolia. Mwambieni Mungu kila kitu, hata yale mnayoona haya kuyatamka. Kisha hukumu mwachieni yeye, wala kilio chenu msikigeuze kuwa amri ya kumpa Mwenyezi.

Pengine unasema hao ni watu wa Biblia, sisi ni watu wa kawaida. Basi tuvuke mpaka twende Uganda, kwa watu ambao wazee wetu waliwaona kwa macho.

Sisi Watanzania tulimwita Idi Amin nduli, na jina hilo hakulipata bure. Tangu alipotwaa madaraka Januari 1971 mpaka alipokimbia Aprili 1979, makadirio ya waliouawa hufika watu 300,000. Festo Kivengere alikuwa Askofu wa Kianglikana wa Kigezi katika miaka hiyo. Hakuwa mgeni kwetu, maana kabla ya uaskofu alifundisha shule Dodoma kwa miaka mingi. Alikuwa tunda la ule Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na huku kwetu upande wa Bukoba, watu wakirudisha mali walizoiba, wakiungama mbele ya wenzao na kuwafuata majumbani waliokuwa hawasemezani nao. Mtu aliyelelewa katika moto huo ndiye aliyewekwa kuwa mchungaji chini ya Amin.

Tarehe 10 Februari 1973, katika uwanja wa Kabale, watu watatu wa dayosisi yake waliletwa wakiwa na pingu ili wapigwe risasi mbele ya umati. Kivengere aliomba ruhusa ya kuzungumza nao kwanza. Aliwaendea bila kujua aseme nini. Akakuta nyuso zao zinang'aa, nao ndio wakamtia moyo yeye, wakamshuhudia kwamba wako tayari kwenda kwa Bwana wao. Dakika chache baadaye wakauawa.

Miaka minne ikapita ya mambo ya namna hiyo. Usiku wa manane, tarehe 5 Februari 1977, askari walivamia nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum, wakadai wanatafuta silaha. Maaskofu hawakukaa kimya, walimwandikia Amin barua wakilalamikia uvamizi huo na mauaji yaliyokuwa yakiendelea nchini. Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa Kampala, silaha zikaanikwa mbele ya umati wa askari, na Luwum akatuhumiwa kupanga njama za kumpindua Amin. Wenzake waliambiwa waende nyumbani, yeye akabakizwa. Kivengere alikuwa miongoni mwa waliomsubiri nje mpaka wakafukuzwa. Kesho yake redio ikatangaza kwamba Askofu Mkuu amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Oryema na Oboth Ofumbi. Uganda nzima ilijua ni uongo. Mwili ulipelekwa na askari kijijini kwake Mucwini, mbali kaskazini, ukazikwa huko. Kwenye Kanisa Kuu la Namirembe kaburi lake lilikuwa limeshachimbwa karibu na la Askofu Hannington, yule aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Serikali ilikataza ibada ya kumkumbuka. Watu walijaa kanisani hivyo hivyo, wakatoka wakalizunguka lile shimo tupu, wakaimba juu ya ufufuo.

Siku hizo hizo Kivengere na mkewe Mera walipata habari kwamba zamu yake imefika. Walisafiri usiku kwa gari mpaka barabara ilipokoma, kisha wakapanda milima kwa miguu, wakaingia Rwanda kulipokucha. Alifika salama, lakini alifika na kitu kifuani. Mwenyewe alisimulia baadaye jinsi uchungu dhidi ya Amin ulivyokuwa unamkaza, ukimkausha roho huku midomo ikiendelea kuhubiri. Nani angemlaumu? Rafiki yake ameuawa, kundi lake limetawanyika, yeye ni mkimbizi. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuomba adui afe ni huyu.

Ijumaa Kuu ya mwaka huo ilimkuta London, ameketi kanisani kama muumini mwingine yeyote. Habari ya msalaba ikasomwa. Aliposikia jinsi Yesu alivyowaombea waliomsulubisha, Bwana akamhoji moyoni: je, kama mtu aliyekuwa akipigilia misumari ile angekuwa Idi Amin, ningemwacha nje ya ombi lile? Kivengere hakuwa na jibu isipokuwa moja, kwamba Bwana asingemwacha nje. Basi akasalimu amri. Akaomba msamaha kwa chuki yake na akamsamehe Amin, papo hapo kwenye kiti. Mwaka huo huo kikatoka kitabu chake, na jina alilokipa liliwashtua watu duniani kote, kwa maana lilitamka wazi kwamba anampenda Idi Amin.

Wapo waliokasirika. Wajane wa Uganda walikuwa na machozi bado mashavuni, na hapa askofu wao anasema anampenda muuaji! Mimi nasema hakuna aliyewaheshimu wajane wale kuliko yeye, kwa sababu aliubeba msiba wao bila kuugeuza kuwa chuki nyingine ya kuwarithisha watoto wao. Na angalieni jambo hili vizuri: Amin hakuwa ameomba radhi. Hatukuwahi kusikia ameomba. Kivengere alifariki mwaka 1988, na Amin akaendelea kuishi uhamishoni Saudi Arabia mpaka Agosti 2003, alipokufa kitandani. Huruma ya askofu haikulipwa na toba ya nduli. Anayengoja adui yake atubu kwanza ndipo amhurumie, atangoja mpaka azikwe na uchungu wake, na Kristo hakutungojea hivyo sisi.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa maana mafundisho haya yametumiwa vibaya na yameumiza wanyonge wa kanisa. Kumhurumia adui hakujawahi kuwa kumfichia maovu yake. Maaskofu wale waliandika barua, wakataja mauaji kwa jina lake, na barua hiyo ilimgharimu Luwum uhai. Kivengere akiwa uhamishoni aliendelea kuueleza ulimwengu mambo ya Amin bila kuyapaka rangi. Jeshi la Amin lilipovamia Kagera mwaka 1978, hakuna Mkristo aliyewajibika kuwaambia watu wa Kyaka wakae watazame nyumba zao zikiteketea. Kwa hiyo mchungaji unayempeleka mama aliyevunjwa mkono arudi kwa mume yule yule, eti asamehe mara sabini mara saba, sikiliza: unamtumia Kristo kumshikia mwanamke huyo apigwe. Mpeleke hospitali. Mpeleke kituo cha polisi, kwenye dawati la jinsia. Mtafutie mahali pa kulala. Aliyembaka mtoto afikishwe mahakamani, hata kama ni mzee wa kanisa, tena hasa kama ni mzee wa kanisa. Halafu huyo mfungwa aendewe gerezani, apelekewe sabuni na Injili, aombewe kwa jina lake. Yote mawili yanatoka kwa Mungu mmoja. Shauri la mpaka wa shamba lipeleke kwenye chombo cha sheria kinachohusika, lisikilizwe, haki yako uipate. Lakini ukikutana na jirani huyo njiani umwamkie, na mkewe akijifungua uende ukamwone mtoto.

Nabii Elisha alifanya hivyo na jeshi zima. Waaramu walimzingira Dothani usiku kumkamata yeye mtu mmoja. Mungu akawapofusha, naye akawaongoza mpaka katikati ya Samaria, mikononi mwa mfalme wa Israeli. Mfalme alikuwa anawaka, akauliza mara mbili kama awapige. Elisha akamwambia awape chakula na maji. Wakaandaliwa karamu kubwa, wakala, wakanywa, wakarudishwa kwa bwana wao, na Biblia inasema vikosi vile vya uvamizi havikuja tena katika nchi ya Israeli. Nawaomba msome na kinachofuata, maana wahubiri wengi hukomea hapo. Habari inayofuata katika sura hiyo hiyo ni kwamba Ben-hadadi, mfalme wa Waaramu, amekusanya jeshi lake lote, ameihusuru Samaria, na watu wanakufa kwa njaa. Karamu haikumaliza vita vyote. Elisha aliijua nchi yake na alimjua mfalme huyo, lakini bado aliagiza mkate utolewe. Tunawalisha adui zetu kwa sababu tumeagizwa na kwa sababu tulilishwa tukiwa adui, hata pale ambapo hatuna uhakika hata kidogo wa watakalofanya kesho.

Kwa hiyo, mpendwa, tuzungumze habari zako. Unaye mtu. Jina lake limekuja tangu ulipoanza kusoma. Huenda ni kaka aliyeuza kiwanja cha mirathi akala peke yake, au mama mkwe, au mzee mwenzako wa usharika aliyekuvunjia heshima kikaoni. Huenda mnalala chini ya bati moja. Leo usiku mtaje mbele za Mungu, na usiombe abadilike ili wewe upate raha, hayo ni maombi kwa ajili yako mwenyewe. Mwombee afya. Mwombee watoto wake wafaulu mtihani. Shamba lake lipate mvua, kama ambavyo Bwana alisema Baba yetu huwanyeshea wenye haki na wasio haki. Mara ya kwanza maneno yatakukwama kooni. Yaseme hata hivyo, na kesho uyarudie.

Kisha fanya jambo moja analoweza kuliona. Kwetu msiba bado una nguvu ya kufungua milango iliyofungwa miaka: akifiwa, usitume rambirambi kwa simu ukabaki nyumbani. Chukua jembe ukachimbe kaburi na vijana, au shika mwiko uingie jikoni na kina mama. Akiugua, mpelekee uji. Kama wewe ndiye uliyemkosea, na mara nyingi ukiomba kwa siku kadhaa Roho atakuonyesha kwamba nawe umo, tafuta mtu mzima mnayemheshimu wote wawili mwende naye.

Nanyi viongozi mnaoshika kipaza sauti usiku wa Ijumaa, nawasihi kwa damu ya Mwana-Kondoo: Ijumaa hii, watu wakishasimama na mikono ikishainuliwa, waambieni kila mmoja amtaje kimoyomoyo aliyemuumiza, na kanisa zima limwombee mtu huyo uzima. Watakaokasirika na waondoke, mtabaki na waliomfuata Yesu. Na wewe uliye na sadaka mfukoni ya Jumapili, na unajua kuna ndugu ana neno juu yako, Bwana ameshasema uiache mbele ya madhabahu uende ukapatane naye kwanza. Jumapili bado haijafika. Nenda leo.